Kesi ya Kusafiria na Gitaa: Ipi Ununue Ukiwa Nairobi

Uso wa gitaa la akustika, ule ubao wenye tundu la sauti, una unene wa milimita 3 hivi. Nyuzi za chuma za saizi ya kawaida zikishakazwa huuvuta ubao huo pamoja na shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70. Ina maana gitaa linaanza safari likiwa tayari limebeba mzigo. Likigongwa kidogo tu mahali pabaya, mzigo huo ndio unaomalizia kazi.

Hili nililijulia stendi ya mabasi, Kisumu. Nilikuwa nimetoka Nairobi usiku kwenda kupiga kwenye harusi, gitaa likiwa ndani ya lile begi jembamba ambalo duka hukupa bure unaponunua, limelazwa kwenye buti ya basi katikati ya magunia. Asubuhi nilipofungua zipu nilikuta nyuzi zote sita zimelegea kwa pamoja. Nikaligeuza. Pale shingo inapokutana na kichwa palikuwa na ufa wa mshazari, mti wa ndani mweupe kama mfupa, na kichwa kimeinama mbele kama mtu anayesinzia. Begi lenyewe halikuwa na hata mkwaruzo. Harusi niliipiga kwa gitaa la kuazima, na tangu siku hiyo kesi ndiyo kitu ninachokikagua kwanza kabla hata ya kuuliza gitaa ni la aina gani.

Ufa ule hautokani na kichwa kugongwa moja kwa moja. Kesi ikianguka chali, mwili wa gitaa husimama ghafla kwa sababu umelala kwenye sponji, lakini kichwa, ambacho kina vyuma vya kukazia nyuzi na ni kizito, huendelea na safari yake kwenda chini. Shingo inapinda, na mahali pembamba zaidi panakatika. Kwa hiyo kesi nzuri hushika shingo kwa chini, na kukiacha kichwa kining'inie bila kugusa chochote. Ugumu wa ganda la nje unakuja baada ya hapo. Nimeona masanduku mazito kama jeneza yakivunja magitaa kwa sababu ndani palikuwa na nafasi ya gitaa kucheza.

Nenda dukani na gitaa lako. Usikubali kuambiwa kwamba saizi ni moja. Lile gitaa kubwa la mabega mapana ambalo wengi wetu tunalo lina urefu wa kama sentimita 103 na upana wa 40 pale tumboni, ilhali la klasiki la nyuzi za nailoni ni jembamba kuliko hilo, na ndani ya kesi ya mwenzake litakuwa linaogelea. Lilaze ndani, pitisha kidole chini ya kichwa uone kama kuna uwazi, kisha ufunge na utikise taratibu ukiwa umetega sikio. Ukisikia kitu kikigonga ndani, rudisha.

Sasa mpangilio wangu. Nimeupanga kwa ajili ya mtu wa Nairobi anayepanda matatu siku nyingi, basi la mbali mara chache, na ndege labda mara moja kwa mwaka.

Ya kwanza ni kesi ya povu gumu. Hii ni ile yenye umbo la mstatili au la gitaa, iliyoundwa kwa povu lililokakamaa na kuvikwa kitambaa cha nailoni, yenye zipu na mikanda miwili ya kubebea mgongoni. Huwa na uzito wa kilo 2 hadi 3, karibu sawa na gitaa lenyewe. Unaweza kutembea nayo kutoka Railways hadi Ngara bila bega kulalamika, na mtu akiiegemea ndani ya matatu haibonyei. Nikisema kweli, asilimia kubwa ya wapigaji wa kanisani na wa hotelini ninaowafahamu hawahitaji zaidi ya hii. Kagua zipu kwanza, kwa sababu ndiyo hufa mapema: muulize fundi yeyote wa cherehani akuonyeshe zipu namba 10, yenye meno mapana, na ndiyo uitafute. Zile nyembamba za namba 5 ni za suruali na nguo. Kagua pia pale mkanda unaposhonewa kwenye kesi. Pawe na mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Kama ni mistari miwili tu, mpelekee fundi wa mabegi aongeze kabla hujaanza kuitumia, ni kazi ya dakika chache.

Tahadhari moja kwa yeyote anayebeba mgongoni: kichwa cha gitaa kinapita juu ya kichwa chako, na wewe hukioni. Mlango wa matatu ndipo kinapogongwa. Ivue kesi ukiwa bado chini, itangulize ndani, ndipo upande, hata makanga akiwa anakupigia kelele.

Ya pili ni sanduku la plaiwudi lenye vibanio vya chuma. Ukiwa unasafiri usiku kwenda Kisumu, Busia au Mombasa na gitaa lako litalala chini ya mizigo ya watu, basi hii inapanda hadi nafasi ya kwanza bila mjadala. Chagua lenye mfuniko uliobinuka kidogo kama mgongo wa kobe, maana ubao uliobinuka huhimili uzito wa juu kuliko ulio bapa. Funga na ufungue kila kibanio mara kadhaa, na usimamishe kidole kwenye bawaba uone kama zina mchezo. Kishikio kishikiliwe na boliti zilizopenya hadi ndani, si skrubu fupi za mbao. Kasoro yake ni uzito: sanduku tupu ni kilo 4 hadi 5, na ukiweka gitaa, vitabu vya nyimbo na kapo (kile kidude cha kubana nyuzi shingoni), mkono unakufa ganzi kabla hujavuka Moi Avenue. Mengi hayana mikanda ya mgongoni.

Ya tatu ni begi nene, lile lenye sponji ya milimita 20 au zaidi na kipande cha kushikia shingo. Kampuni ya Mono inatengeneza mazuri sana ya aina hii. Nililiweka la tatu si kwa ubaya wake, ila kwa sababu linategemea wewe usiliachie. Kama gitaa halitoki mikononi mwako toka nyumbani Umoja hadi jukwaani, linatosha, na kwenye boda boda ndilo rahisi kuliko yote.

Kesi za plastiki ngumu za kampuni kama SKB na Gator nazifuatisha hapo. Ganda lake halinyonyi maji, jambo kubwa wakati wa mvua za Machi hadi Mei, lakini ndani zimefinyangwa kwa umbo moja, na gitaa lisiloenea sawasawa halina ujanja. Juu kabisa kwa bei kuna kesi za Hiscox za Uingereza na zile za Calton, ambazo ganda lake ni la faibaglasi. Hizo ni za mtu anayepanda ndege kila mwezi, na bei yake inaweza kupita ya gitaa lako.

Begi jembamba la bure ni la kuzuia vumbi nyumbani. Basi.

Kuna njia nyingine ambayo watu wanaisahau: mafundi seremala wa Ngong Road na Gikomba. Ukimpelekea fundi gitaa lenyewe, si vipimo vya kichwani, anaweza kukutengenezea sanduku la plaiwudi linaloenea kuliko lolote la dukani. Shida iko kwenye sponji. Atataka kutumia ya godoro la kawaida, ambayo baada ya miezi michache hulala na haiinuki. Nunua mwenyewe ile nzito, ya godoro gumu, umletee, na umwambie atengeneze kiegemeo cha kushikia shingo mahali pawili, katikati na karibu na mwili. Likiisha, liache wazi wiki mbili tatu mpaka harufu ya gundi na vanishi iishe kabisa, maana mivuke hiyo inaweza kuharibu rangi ya gitaa.

Kuhusu ndege. Mashirika mengi hupima mzigo kwa kujumlisha urefu, upana na kimo, na kikomo cha kawaida ni sentimita 158. Sanduku la gitaa kubwa linapita hapo: 108 na 42 na 15 tayari ni 165. Basi soma masharti ya tiketi yako kuhusu ala za muziki kabla hujafika JKIA, usiende kubishana kaunta. Mashirika ya Marekani yanabanwa na sheria ya 2012, ambayo kanuni zake zilianza kutumika 2015, kuruhusu gitaa ndani ya ndege kama kuna nafasi ya kuliweka. Sheria hiyo haikufuati kwenye safari ya Nairobi kwenda Kisumu. Likienda chini na mizigo, legeza nyuzi kiasi, usizitoe zote, na ujaze nguo laini pembeni mwa kichwa, juu na chini, ili kisipate nafasi ya kuyumba.

Joto na unyevu nalo ni jambo la kesi. Watengenezaji wengi hushauri gitaa likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Nairobi ya Januari na Februari hukauka, Mombasa ni jasho mwaka mzima, na treni inakutoa huku hadi kule kwa saa chache tu. Ukishuka, acha kesi imefungwa kwa saa moja au mbili ndani ya nyumba ndipo ufungue, ubao upate kuzoea polepole. Kamwe usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani: gundi inayoshika daraja, kile kipande cha mti kwenye uso wa gitaa ambacho nyuzi hufungwa, hulegea kwa joto, na daraja huanza kuinuka upande wa nyuma, kidogo kidogo, hadi karatasi ipite chini yake. Kesi nyeusi ndiyo mbaya zaidi hapo. Kama duka lina ya kijivu kwa bei ileile, chukua ya kijivu.

Andika namba yako ya simu kwenye kikaratasi na ukiweke ndani, chini ya shingo. Kile kibandiko cha nje hung'oka siku ya kwanza tu kwenye buti.