Siku moja ya Bunge la Aprili 2020, iliyochapwa na kubaindiwa Chikongola

Mimi ni mwalimu wa Uraia katika shule moja ya sekondari ya Manispaa ya Mtwara. Tathmini hii inahusu huduma mbili ambazo kwangu zimekuwa kitu kimoja: Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, ile ambayo wengi huiita Hansard, na steshenari ndogo ya mtaa wa Chikongola iliyoniwezesha kuishika mkononi ikiwa kitabu badala ya kuikodolea macho kwenye kioo cha simu. Jina la duka silitaji, kwa sababu nina dosari za kueleza na sipendi kumharibia riziki mtu ambaye kwa sehemu kubwa alinitendea vema.

Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufungwa kwa shule. Wanafunzi wangu walitawanyika, wengine Nanyamba, wengine Tandahimba, wengine wakabaki hapa mjini wakiwasaidia wazazi sokoni. Wiki mbili baadaye, tarehe 31 Machi, Mkutano wa Kumi na Tisa wa Bunge ulifunguliwa Dodoma kwa ajili ya bajeti, na siku hiyohiyo taifa likaarifiwa kifo cha kwanza kilichotokana na ugonjwa huo. Nilijiuliza nitawafundishaje vijana hawa, watakaporudi, jinsi Bunge linavyofanya kazi wakati watu wamekatazwa kukusanyika, na nikaona hakuna kitabu cha kiada ambacho kingenisaidia kuliko kumbukumbu ya siku yenyewe.

Huenda msomaji wa mikoa mingine akaona ni jambo dogo kulifuata kwa bidii namna hii. Sisi wa Mtwara tunajua uzito wa siku moja ya Bunge. Tarehe 22 Mei 2013, baada ya hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kuthibitisha kwamba bomba la gesi litajengwa kwenda Dar es Salaam, mji huu uliingia katika ghasia ambazo waliokuwapo hawajazisahau. Maneno yaliyosomwa Dodoma yalifika mitaani kwetu ndani ya saa chache. Kisha, Januari 2016, Serikali ikatangaza kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge kwa sababu ya gharama, na tangu hapo mwananchi wa kawaida akawa anapata Bunge kwa vipande: dakika mbili za mbunge anayefoka, dakika moja ya waziri anayejibu, bila kujua kilichotangulia wala kilichofuata. Taarifa Rasmi haikati vipande. Inaanza na dua na kuishia pale Spika anapoliahirisha Bunge, na katikati kila aliyesimama kusema ameandikwa alichosema.

Nilifika dukani asubuhi, nikiwa na barakoa ya kitambaa na fleshi mfukoni. Mlangoni kulikuwa na ndoo ya maji yenye koki, sabuni ya kipande ikiwa ndani ya soksi nyepesi iliyofungwa kwenye koki ili isidondoke mchangani, na chini beseni la kupokea maji machafu. Binti mhudumu alisimama nyuma ya meza akanyoosha mkono kuonyesha ndoo kabla hajasema neno.

“Shikamoo, Mwalimu. Samahani, nawa kwanza.”

“Marahaba, mwanangu. Wala usiombe samahani.”

Alikuwa amepanga viti vitatu tu mahali ambapo zamani vilijaa saba, na walioingia baada yangu aliwaomba wasubiri barazani. Ningependa kumsifu kwa hilo waziwazi, kwani katika siku zile nilipita kwenye maduka mengi yaliyokuwa na ndoo tupu mlangoni, iliyowekwa ili ionekane.

Nilimweleza ninachotaka: Taarifa Rasmi ya tarehe 1 Aprili 2020, siku ambayo Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa mkoani Lindi, aliwasilisha makadirio ya ofisi yake na ya Bunge kwa mwaka wa fedha 2020/2021. Aliingia katika tovuti ya Bunge, akaipakua na kunigeuzia kompyuta nijionee kuwa ndiyo yenyewe. Taarifa nzima ingekuwa bunda nene lenye kunimaliza mfuko, kwa hiyo nilikaa naye tukachagua kurasa 60: mwanzo wote wa kikao, sehemu ya maswali, sehemu za hotuba zinazohusu ugonjwa na kilimo, na mwisho. Bei ilikuwa shilingi 150 kwa ukurasa, na kubaindi kwa kava la plastiki mbele na karatasi ngumu nyuma shilingi 3,000. Nililipa shilingi 12,000. Kwa Mtwara ya wakati ule ilikuwa bei ya haki, na hakuniongezea hata senti kwa muda wa nusu saa aliotumia kunisaidia kuchagua.

Wakati printa inafanya kazi aliingia mzee mmoja, mkulima, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Aliona nembo ya Bunge kwenye karatasi zinazotoka, akauliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, na korosho imetajwa humo?” Binti akaandika neno hilo kwenye sehemu ya kutafutia, na kurasa zilizolitaja zikaanza kujitokeza. Mzee alisoma kwa kufuatisha kidole kwenye kioo, akaomba achapiwe kurasa tatu, akalipa shilingi 450 na kuzikunja ndani ya kofia yake. Kwa watu wa huku si ajabu. Juni 2018 Bunge lilipobadilisha utaratibu wa ushuru wa korosho zinazouzwa nje, fedha ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa inarudi kuendeleza zao ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina, na wabunge wa kusini waliopinga majina yao yamo katika kumbukumbu, pamoja na waliokaa kimya. Mkulima anayejua hivyo haoni Taarifa Rasmi kuwa karatasi za wasomi.

Sasa niiseme taarifa yenyewe, maana ndiyo bidhaa niliyoifuata. Mtu anayeisoma kwa mara ya kwanza atachoshwa na “Mheshimiwa Spika” inayoanza karibu kila aya ya hotuba, lakini baada ya kurasa chache jicho linaizoea kama linavyozoea mihimili ya nyumba. Kikao cha wakati ule kilikwenda kwa hatua zilezile: dua, hati zinazowasilishwa mezani, maswali na majibu, kisha hoja ya Serikali, maoni ya kamati na ya upinzani, na michango ya wabunge. Makofi yameandikwa kwenye mabano, vicheko navyo vimeandikwa kwenye mabano. Jina lenyewe la Hansard lilitokana na familia ya wachapaji wa London waliokuwa wakichapa mijadala ya Bunge la Uingereza katika karne ya 19. Ninapenda kuwaeleza wanafunzi hivyo, kwa sababu mchapaji wa Chikongola anashiriki kazi ileile.

Jambo lililonikalia moyoni ni kwamba siku ya janga, ikishawekwa kwenye karatasi, hufanana mno na siku nyingine yoyote. Tunajua kwamba Bunge lilipunguza idadi ya wanaoingia ukumbini hadi wabunge 150 kwa wakati mmoja, kati ya wabunge zaidi ya 390, na wengine wakafuatilia katika kumbi nyingine za Bunge. Tunajua pia kwamba muda wa vikao ulifupishwa na maswali ya kawaida yakaulizwa na kujibiwa kwa njia ya mtandao, kupitia vishikwambi. Uingereza, wiki tatu baadaye, waliweka 50 ukumbini na kuruhusu 120 kuzungumza kwa Zoom. Lakini mwandishi wa kumbukumbu huandika yaliyosemwa, wala haandiki nafasi iliyo kati ya kiti na kiti. Barakoa haionekani. Anayesoma inambidi autafute ugonjwa katika alama ndogo: maneno “kwa njia ya mtandao” juu ya orodha ya maswali, orodha ya wachangiaji iliyo fupi kuliko ilivyozoeleka, hotuba ya Waziri Mkuu inayoeleza hatua za kujikinga kabla ya kurudi kwenye barabara, maji na ushirika.

Sehemu ya maswali ndiyo niliyoisoma mara nyingi zaidi, na hapo ndipo ninaposikitika kidogo, si kwa ajili ya waandishi wa kumbukumbu bali kwa ajili ya sisi wenye majimbo ya mbali. Katika siku za kawaida uhai wa kipindi kile uko kwenye swali la nyongeza: waziri amekwisha kusoma jibu alilotayarishiwa, mbunge anasimama na kumwambia kisima hicho hakitoi maji, na waziri analazimika kujibu kwa akili yake. Jibu la maandishi halikutani na macho ya aliyeuliza. Ninaelewa kwa nini ilifanyika hivyo, na sioni kama kulikuwa na njia nyepesi ya kuwakinga watu mia kadhaa wanaosafiri kutoka kila kona ya nchi na kurudi kwa wapiga kura wao, baadhi yao wakiwa wazee au wenye maradhi ya kudumu. Hata hivyo ukilinganisha kurasa hizo na za mwaka uliotangulia utaona wazi kilichopungua.

Dosari za duka ni mbili. Ya kwanza ni wino: kuanzia ukurasa wa 38 wa nakala yangu maandishi yalianza kufifia upande wa kushoto, hata majina ya wasemaji, ambayo ndiyo muhimu kuliko yote, yakawa kama yameandikwa kwa majivu. Ya pili ni kubwa zaidi. Nilipofika nyumbani Ligula na kuhesabu, kurasa mbili hazikuwamo, na zilikatisha jibu katikati ya sentensi. Nilirudi kesho yake. Binti hakubishana nami. Alifungua faili, akazichapa upya pamoja na zote zilizofifia, akafungua ule waya wa plastiki na kuzipachika mahali pake, bila malipo. Nilimuuliza kwa nini hakuhesabu kabla ya kubaindi, akajibu kwa unyoofu kwamba siku ile alikuwa peke yake, mwenzake akiwa nyumbani kwa homa. Mteja asiye na muda wa kurudi angebaki na kumbukumbu yenye pengo bila kujua.

Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni 2020, Bunge lilikuwa limekwisha kuvunjwa tangu tarehe 16 ya mwezi huo kwa ajili ya uchaguzi. Niliwagawia wanafunzi sauti: mmoja Spika, mmoja Waziri Mkuu, wengine wabunge, wakasoma wakiwa wamekaa mbalimbali chini ya mkorosho ulio nyuma ya madarasa. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza wale wasioingia ukumbini walikuwa wanaonekana wapi kwenye kitabu. Nilimwambia hawaonekani. Akaandika majina ya waliozungumza siku ile kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, kisha akaniomba orodha ya wabunge wote wa Mtwara na Lindi ili alinganishe. Kwa miaka niliyofundisha Uraia, sijawahi kupewa kazi nzuri namna hiyo na mwanafunzi.

Swali lake ndilo lililonirudisha Chikongola mara ya pili, Julai, kuchapa kurasa za mwishoni mwa Aprili na za Mei. Hizo ni nzito kusoma. Ndani ya siku kumi na mbili Bunge liliwapoteza wajumbe watatu: Mchungaji Getrude Rwakatare tarehe 20 Aprili, Richard Ndassa wa Sumve tarehe 29 Aprili, na Balozi Augustine Mahiga, aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, tarehe 1 Mei. Juu ya sababu za vifo hivyo sina la kuongeza. Familia zao zinastahili staha. Mwanzoni mwa Mei pia uongozi wa CHADEMA uliwataka wabunge wake wakae nje ya Bunge kwa siku 14, na Spika Job Ndugai akawataka warudi. Ukisoma kurasa za wiki hizo ukiwa na orodha ya yule msichana mkononi, kukosekana kwa majina kunasomeka kama neno lililoandikwa.

Safari hiyo ya pili huduma ilikuwa imeboreka. Wino ulikuwa mpya, binti alihesabu kurasa mbele yangu akilowanisha vidole kwa sifongo lenye maji badala ya ulimi, na mwenzake alikuwa amerudi kazini, mzima. Bei haikubadilika. Anayetaka kwenda namshauri aende kabla ya saa nne asubuhi, abebe fleshi yake mwenyewe, achague kurasa nyumbani ili asiwacheleweshe wengine, na ahesabu kabla ya kubaindiwa. Taarifa Rasmi naipa alama tisa kati ya kumi. Duka nalo nalipatia alama saba. Nakala zangu mbili ziko kwenye kabati la ofisi ya walimu, rafu ya chini, na ile ya Aprili 1 kava lake limeanza kupasuka kwa kushikwa.