Glisarini, hayaluroniki au mafuta ya mgando?

Katika maduka ya vipodozi Mombasa, glisarini tupu huuzwa bei ya chini sana kuliko seramu ya asidi ya hayaluroniki, ilhali zote mbili kazi yao ni kuvuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Kwa mwili mzima, tunachagua glisarini bila kusita. Ila usiipake tupu: inanata, na ofisini penye kiyoyozi yaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Changanya kijiko kimoja na vijiko vinne vya marashi ya mawaridi (maji ya waridi, si manukato), utengeneze ya kutumia siku mbili tatu tu kwa kuwa mchanganyiko hauna kihifadhi, upake ukitoka kuoga kabla ngozi haijakauka.

Mafuta ya mgando hayaongezi maji hata tone, huyafungia yaliyopo. Yapake mwisho, kidogo, viwikoni na visiginoni. Usoni, kwa jasho la msimu wa Kaskazi, ni mazito mno.

Ukinunua losheni, igeuze usome nyuma: viungo huanza na kilicho kingi. Glisarini ikifuata maji, chukua. Ikiwa nyuma ya manukato, unalipia harufu. Visigino vikavu vinataka krimu yenye yurea, kiungo cha kulainisha ngozi ngumu, asilimia 10 au zaidi, lakini si penye mpasuko mbichi, itawasha.