Forevertron: nilikwenda kukagua maungio

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kwa hiyo tulipofika Forevertron, sanamu kubwa iliyoungwa kwa vyuma chakavu, sikuanza kutazama juu kama wenzangu. Niliinama nikaangalia maungio.

Iko kusini mwa Baraboo, jimbo la Wisconsin, Marekani, kando ya barabara kuu namba 12, nyuma ya duka la vifaa vya mabaki. Tuliipita mara mbili. Kiingilio hatukutozwa.

Tom Every kazi yake ilikuwa kubomoa viwanda. Mwaka 1983 akaanza kuunga alivyobomoa, akajiita Dr. Evermor, bingwa wa enzi za Malkia Victoria anayejiundia chombo cha kumrusha mbinguni kwa nguvu za radi. Huko juu kuna yai la shaba lenye tufe la kioo ndani, ndimo angekaa. Wasioamini amewawekea darubini washuhudie wenyewe, na wafalme amewajengea kibanda chao cha kutazamia. Mzaha huo wote una uzito wa tani kama 300 na kimo cha mita 15 hivi! Alifariki mwaka 2020, yai bado liko palepale.

Wataalamu watakuonyesha dainamo za Thomas Edison na chumba cha kuondolea vijidudu kilichotoka kwenye mradi wa Apollo, ule wa Marekani wa kupeleka watu mwezini. Mimi kilichonishika ni kwamba hakuficha kitu. Boila imebaki boila, ribiti zake za zamani ziko wazi, kutu imeachwa ifanye kazi yake. Sisi mafundi tumezoea kusaga, kupiga putty na rangi mpaka chuma kisahau kilikotoka. Nimesimama pale nikiona haya kidogo.

Usiondoke bila kuwaona ndege wa vyuma. Ni bendi nzima: miili ya ala za muziki, shingo ndefu, miguu ya vyuma vyembamba. Mmoja ana tarumbeta mahali pa tumbo, na nakuapia ana maringo.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu maelezo ni machache. Asiyejua habari za yule mzee ataona rundo la skrepa tu. Halafu ngazi ya kwenda kwenye yai unaiona kwa macho, kupanda huruhusiwi. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, na dawa ya mbu msisahau. Mimi niliisahau, na kule chini ya mitambo walinikuta nimelala chali, nahesabu boliti.