Uangalizi baada ya upasuaji wa mlango wa kizazi: kliniki moja ya Mtwara mjini
Mdogo wangu aliondolewa sehemu ya mlango wa kizazi kwa waya wa umeme, baada ya uchunguzi kuonyesha mabadiliko ambayo, yangeachwa, yangeweza kugeuka saratani. Upasuaji wenyewe ulikwisha upesi. Ninalolisifu hasa ni maelezo aliyopewa kabla ya kuruhusiwa. Muuguzi alimweleza, mumewe akiwapo, kwamba kwa wiki 4 asishiriki tendo la ndoa, asiingize kitu chochote ukeni wala asiinue mizigo mizito, akataja waziwazi ndoo ya maji na gunia la korosho, maana msimu ulikuwa umeanza. Alisema pia kwamba majimaji yenye damu kidogo, au uchafu mweusi kama unga wa kahawa unaotokana na dawa ya kuzuia damu, ni jambo la kawaida, ila damu inayolowesha pedi ndani ya saa 1, homa au harufu mbaya vinamlazimu mgonjwa kurudi mara moja. Shemeji alielewa, na ndoo alizibeba yeye. Uchunguzi wa marudio umepangwa baada ya miezi 12. Kasoro ni moja, nayo si ndogo: kadi haina namba ya simu ya kupiga usiku, jambo linalomtia hofu mgonjwa anayeishi mbali kama Nanyamba.