Uzoefu wangu na Mirror ya mbao: boti ya matanga inayoishi Dodoma

Nina Mirror ya mbao mwaka wa nne sasa. Watu huniuliza kama boti ya namna hii inaweza kuishi Dodoma. Inaishi, ila lazima uijue.

Mirror ni mashua ndogo iliyosanifiwa Uingereza na Jack Holt na Barry Bucknell, ikatoka 1963 ikibeba jina la gazeti la Daily Mirror. Matanga yake mekundu unayatambua kwa mbali. Zimeundwa zaidi ya 70,000 kwa vipimo vilevile, ili kwenye mashindano ashinde nahodha na si fedha zake. Ina urefu wa mita 3.3, na mwili mtupu una kilo 45 hivi. Watu wawili wanaibeba. Mimi mzaliwa wa Pangani nilivutwa na uundaji wake: vipande vya plaiwudi hushonwa kwa waya wa shaba, kisha viungo hufungwa kwa utepe wa faiba na gundi. Ukinisikiliza mimi, huyu ni ndugu wa mtepe, chombo cha kushonwa cha wazee wetu wa pwani, ingawa mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi.

Niliinunua Dar kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, nikaileta kwa Canter. Mirror ina matangi ya hewa yanayoizuia isizame, na kila tangi lina kizibo chake. Nilivikaza vyote nikidhani naikinga. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na siku ile jua la Oktoba lilikuwa linachoma. Hewa iliyofungiwa Dar ilitanuka njia nzima. Nilipochomoa kizibo cha tangi la mbele uani kwangu, ilitoka ikipiga mluzi. Kiungo kimoja kilikuwa kimeachia.

Ufa wenyewe sikuuona kwa macho. Nilipaka maji ya sabuni kwa brashi, binti yangu akapuliza polepole kwenye tundu la kizibo. Chini ya kitako cha mlingoti mapovu madogo yakachipuka kwenye mstari mmoja, urefu wa kiganja. Tangu siku hiyo boti hailali wala haisafiri na vizibo vyake. Navikaza ufukweni tu, nikiwa tayari kuishusha majini.

Kuziba ufa kulinigharimu mara mbili. Gundi niliyouziwa dukani mjini, nikahakikishiwa kwamba inavumilia maji, ilikuwa gundi ya kawaida ya seremala. Saa mbili tu majini ikageuka uji mweupe. Niliikwangua yote, nikaacha mbao zikauke, nikaagiza gundi ya epoksi kutoka Dar. Haijaachia mpaka leo.

Naipeleka bwawa la Mtera, barabara ya Iringa. Mchana wa kiangazi upepo unatoka kusini-mashariki, sisi wa pwani tungesema kusi, na kwa kupiga bisho, yaani kwenda mshazari kuelekea upepo unakotoka, boti hii ni tamu: inageuka upesi, tanga linajaa, unaisikia kana, mpini wa usukani, ikivuta mkononi. Kabla ya kuishusha nauliza wavuvi viboko wako upande gani. Siku moja mzee mmoja aliipapasa ubavuni akasema, "Mwanangu, kitu chepesi hivi kinabeba watu?" Nikamwambia, "Karibu upande, mzee wangu." Nilimpa kana. Tulipogeuza mara ya kwanza alisema neno moja tu: "Tena."

Kasoro yake kubwa kwa Mtera ni ubao wa kati, ule unaozamishwa majini ili upepo usiisukume boti kando. Unashuka wima kama kisu kwenye ala, na ukigonga kitu haujikunji. Bwawa lile limejaa miti iliyokufa tangu lilipojazwa, na maji yakipungua visiki hubaki chini kidogo ya uso. Niligonga kimoja; ubao ulivunjika na ala ikapasuka. Ubao mpya alinichongea fundi jirani kwa mbao ya mninga. Vipimo havibadiliki boti hadi boti, kwa hiyo ulikaa bila kurekebishwa.

Hata hivyo, jua limenisumbua kuliko visiki. Vanishi ya mwaka wa kwanza ilibambuka kama ganda la kitunguu, na makali ya plaiwudi, ambayo ndiyo yanayokunywa maji, yakaanza kufunguka tabaka kwa tabaka. Sasa kila mwaka napiga msasa, nikiyapa makali koti nyingi kuliko sehemu nyingine. Banda la bati liliioka, nikajenga la nyasi; inalala kifudifudi juu ya magogo mawili, hewa ikipita chini.

Kama hupendi kushika msasa, usiinunue. Mimi siiuzi. Tanga kubwa liko kwa fundi cherehani Majengo wiki hii: kitambaa ni kizima, nyuzi ndizo zilizoliwa na jua. Ameniambia nilifuate Ijumaa.