Pedi ya mausi niliyouziwa, na muuzaji aliyeniambia shida ni mkono wangu

Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini jana usiku nimepigwa raundi nne mfululizo na roho imekataa.

Majuzi nilinunua pedi mpya ya mausi, pana, nyeusi, ukingo umeshonewa vizuri. Kabla ya kulipa nilimweleza muuzaji kila kitu, kama mgonjwa mbele ya daktari. Nacheza Counter-Strike 2, ule mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi, DPI 800 (wepesi wa mausi yenyewe), sensitiviti 1 (wepesi uliowekwa ndani ya mchezo), yaani kugeuka mzunguko mzima naburuta mausi kama sentimita 52. Nalenga kwa kiwiko na bega, si kwa kifundo cha mkono. Nataka kitambaa kinachokamata, mausi ikifika kichwani kwa adui isimame. Akajibu, "Chukua hii, wote wanachukua hii."

Wote!

Siku hiyohiyo nikajua nimeuziwa sabuni. Adui anachungulia kona, navuta mkono, alama ya kulengea inafika kichwani, inapita, inaenda kutulia ukutani. Nairudisha, inapita tena upande wa pili. Yeye kapiga moja tu, nimelala. Nikasema labda sijaizoea, nikajipa wiki, ikawa mbili na ushee. Bila kujua nikawa naikandamiza mausi kwa nguvu ili isikimbie, mpaka vidole vikaanza kuniuma. Na raba ya chini ni laini kama godoro: ukikandamiza, miguu ya mausi inazama na mwendo unabadilika kabisa. Ukiachia inateleza, ukibana inakwama. Sasa mkono uzoee lipi?

Nikamwandikia, kwa adabu kabisa, naapa. "Mkuu, hii ni ya kasi, mimi niliomba ya kukamata, naomba tubadilishane hata kwa kuongeza hela." Jibu lake ninalo mpaka leo: "Pedi ni pedi tu. Jifunze kulenga kwanza." Na kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi.

Kama pedi ni pedi tu, mbona unauza za kitambaa kizito, kitambaa chepesi, plastiki na kioo? Ungeuza kipande cha kadibodi tukamalizana! Anayenyakua shabaha kwa mvuto mmoja na kusimama ghafla anahitaji msuguano wa kumpa breki. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu, naye anatikisa kichwa kana kwamba anasikia.

Halafu likatokea la kuniudhi zaidi. Mdogo wangu akakaa kwenye kiti changu, akafungua Apex Legends, mchezo mwingine wa risasi. Yeye sensitiviti yake iko juu, anazungusha kifundo tu. Adui anaruka, anateleza, anakata kushoto, na alama haimwachi, kama kamfunga kamba. "Kaka, hii pedi tamu!" Nikamsogeza nijaribu mwenyewe. Kweli tamu, jamani. Kwa kumfuata mtu anayekimbia, ile pedi yangu ya zamani ina kigugumizi kila ukigeuza upande. Hii haina kabisa. Basi nikasema niipe nyota nne, niwe muungwana.

Nikaendelea kucheza, na ule ukingo ulioshonewa, ambao nilikuwa nausifia, ukanichonga kigasha. Uzi umeinuka juu kuliko kitambaa chenyewe, na sisi wa kiwiko mkono unapita palepale mchana kutwa. Nina mstari mwekundu hapa kama nimekwaruzwa na paka. Nyota mbili. Na cha kuchekesha, siku hewa ikiwa na unyevunyevu kitambaa kinalowa kidogo, kinakuwa kizito, na ndizo siku pekee napata vichwa.

Pedi nyota tatu, basi. Muuzaji sifuri. Ya zamani nimeirudisha mezani na upara wake katikati, na mdogo wangu ananiomba hii mpya kila siku. Nimemkatalia.