Hanna HI98129: inafaa kwenye maji ya kifusi, si kwenye kisima safi

Kwa anayezungukia visima vya mgodi wa dhahabu uliofukiwa na kupandwa majani, kipimo hiki cha mkononi kinasoma pH, joto na upitishaji umeme (EC). Hakiingii maji, na elektrodi (ncha ya kupimia) ya pH ikichoka unaichomoa na kupachika nyingine. Kipengele cha TDS (jumla ya chumvi zilizoyeyuka) kipuuze: ni EC ileile iliyozidishwa kwa 0.5 toka kiwandani, na maji yenye salfeti nyingi huhitaji namba iliyo karibu na 0.7. Andika EC.

Kasoro imejificha kwenye karatasi ya maelezo. EC inafika 3999 µS/cm, na usahihi ni ±2% ya upeo huo wote, si ya namba unayoiona. Kosa linaweza kufika 80 popote ulipo. Maji yanayochuruzika chini ya kifusi yakisoma 2500, 80 si kitu. Kisima cha kulinganishia, kile cha juu ya mgodi, kikisoma 150, 80 ni zaidi ya nusu. Na dalili ya mwanzo huonekana kwenye EC: pairaiti (madini ya chuma na salfa) ikikutana na hewa na maji huzaa asidi, mwamba wenye chokaa unaimeza, pH inaganda kwenye 7 huku salfeti ikipanda, na EC nayo. Anayesubiri pH ishuke kachelewa. HI98130, ndugu yake wa kipimo kikubwa, haikuokoi, inafika 20 mS/cm (20,000 µS/cm) kwa asilimia ileile 2, yaani kosa la 400 µS/cm. Kwa visima safi tafuta kipimo ambacho usahihi wake ni wa namba iliyosomwa.

Kila asubuhi sawazisha kwa bafa (maji ya pH inayojulikana) ya 7.01, kisha 4.01, maana unachowinda ni asidi. EC isawazishe kwa maji ya 1413 µS/cm. Namba ikitambaa dakika nzima bila kutulia, tazama kioo cha elektrodi: mara nyingi kina utando wa kutu wa rangi ya chungwa. Loweka kwenye asidi hafifu ya hidrokloriki, suuza, sawazisha upya. Usiilaze kwenye maji yaliyokenekwa, yanainyonya chumvi yake. Tia matone ya maji ya kuhifadhia kwenye kifuniko.

Kisimani, toa kwanza maji yaliyolala, ujazo wa bomba mara tatu. Bomba la milimita 50 lina kama lita 2 kwa kila mita, hivyo mita 10 za maji ni lita 60. Pima palepale, ukibeba chupa hadi ofisini, kabonidioksidi inatoroka na pH inapanda.

Arseniki na sianidi kipimo hiki hakizioni, hizo ni za maabara. Chupa ya metali: chuja kwa mikroni 0.45, tia asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ya sianidi hutiwa hidroksidi ya sodiamu hadi ipite 12. Ukikosea ukaitia asidi, inatoa gesi yenye sumu kali, tena sampuli imeharibika.